Mjomba anasema nisaini tu, lakini mkono hauendi

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 38, ni mwalimu wa fizikia, na huu ni mwaka wa sita nikiwa mkuu wa taaluma katika shule ya sekondari ya binafsi. Shule ni ya mjomba wangu, kaka yake mama. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mjomba ndiye aliyenichukua, akanilipia ada mpaka chuo kikuu, na nilipomaliza akaniambia, "Rudi nyumbani ufundishe." Nikarudi. Tangu hapo sijawahi kumwambia hapana, si kwa jambo dogo wala kubwa.

Shule yetu ni ya bweni, na karibu theluthi ya wanafunzi wametoka nchi nyingine. Wazazi wao ni watu wa kuhamahama kikazi, leo wako hapa, baada ya miaka miwili wako kwingine. Watoto hawa wanateseka sana na mtihani wa taifa. Mtu analetwa kidato cha tatu hajawahi kugusa nusu ya masomo yatakayotahiniwa. Tuna kijana mmoja ambaye sisi ni shule yake ya nne, katika nchi ya tatu. Ana kichwa kizuri, lakini kila akihama anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika daftari.

Mwaka jana mjomba alikutana na wakala wa shule moja ya Marekani inayofundisha kwa mtandao. Mpango ni huu: wanafunzi wetu wa kigeni wasajiliwe kule, wasome baadhi ya masomo kwa kompyuta wakiwa hapa hapa kwetu, walimu wetu wawasimamie, na yale waliyokwisha kusoma yahesabiwe. Mwisho wapewe diploma ya sekondari ya Marekani. Mzazi analipa ada yetu na ada ya mpango, na sisi tunabakiwa na fungu letu. Wakala alisema pia kwamba cheti kitakuja na apostile, ule uthibitisho wa hati ya kupelekwa nchi nyingine, na kwamba mwenye nacho akienda ubalozini kuomba viza anakuwa ameshavuka nusu ya mto.

Sikukubali kichwakichwa. Nilitafuta mwenyewe jina la shule ile katika orodha ya chombo kinachotoa ithibati, nikalikuta. Kwa hiyo si utapeli. Siku ile nilishusha pumzi. Kisha zikaja fomu.

Kwa kila mwanafunzi natakiwa kuandika masomo yote aliyosoma tangu mwaka wa tisa wa shule, saa alizofundishwa na alama yake, kisha nisaini kama mthibitishaji. Baadhi ya watoto hawa walikuja bila rekodi yoyote ya walikotoka. Kuna somo la michezo, ambalo kwetu ni vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki na halina alama. Mimi ni mwalimu wa fizikia, hesabu hunijia bila kuitwa: kwa wiki 38 za mwaka hiyo ni kama saa 50, na fomu inataka saa 120. Kuna somo la kompyuta ambalo mwaka mzima halikuwa na mwalimu. Nilipompigia wakala simu kumuuliza nifanyeje, akanijibu, "Andika B. A zikizidi zinatiliwa shaka." Mjomba alikuwa pembeni yangu, akacheka, akasema, "Wewe saini tu, mama. Kila mtu anafanya hivyo."

Halafu kikao cha wazazi. Kipeperushi chetu kimeandikwa "Diploma inayotambulika duniani kote". Akaja mama mmoja ambaye tumezoeana. Binti yake yuko kidato cha tatu, anaongoza darasa kwa sayansi, na ndoto yake ni kusomea udaktari nchini kwao. Mama yule akanishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, nikimtoa kwenye mtihani wa taifa nikamwingiza huku, udaktari kwetu ataupata?" Mjomba alikuwa ananitazama. Nikajibu, "Inategemea, lakini inawezekana." Alichukua nusu ya pili ya jibu langu, ya kwanza akaiacha pale pale. Ameshalipa malipo ya kwanza. Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Watoto kumi na wawili wamejiandikisha. Fomu zinatakiwa mwisho wa mwezi. Nikikataa, nitaambiwa shukrani ya punda ni mateke, na wakisema hivyo sina la kujibu. Nikisaini, jina ni langu. Nimefikiria hata kuacha kazi. Mume wangu anasema, "Saini, shule si yako, atakayejibu ni mwenye mali." Mama anasema, "Mjomba wako ndiye baba yako." Hakuna aliyeuliza habari za watoto.

Naomba unijibu mawili. Je, hii diploma ni kitu cha kweli au ni karatasi tu? Na nikifungua mdomo, nitakuwa nimebomoa nyumba iliyonilea?

Mpwa wa Mwenye Shule

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mawili, lakini nikiangalia sana, lililokunyima usingizi si mojawapo ya hayo. Ni yale maneno matatu uliyomwambia mama wa watu akiwa amekushika mkono: inategemea, lakini inawezekana. Hukusema uongo. Kila neno lina ukweli wake. Ila ulijua neno gani atakwenda nalo nyumbani, ukamwacha aende nalo. Nadhani hapo ndipo panapouma, na zile fomu zimekuja kutonesha tu.

Tuanze na diploma, maana humo mna jambo ambalo pengine hakuna aliyekueleza vizuri.

Umeuliza kama ni ya kweli au ni karatasi tu, kana kwamba hakuna la katikati. Sisi tuliokulia kwenye mitihani ya taifa tunafikiri hivyo kwa sababu cheti chetu hutolewa na baraza. Mwalimu anaweza kumpenda mwanafunzi au kumchukia, lakini siku ya mtihani karatasi inaondoka na namba, inasahihishwa na mtu asiyemjua mtoto yule wala shule yake. Marekani haiko hivyo. Hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari, na wizara yao ya elimu ya shirikisho haitoi ithibati kwa shule. Kila jimbo lina masharti yake, na ithibati hutoka kwa vyombo huru kama Cognia. Mtoto hukusanya krediti, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Krediti moja kwa desturi huhesabiwa saa 120 za darasani, kipimo kilichotokana na taasisi ya Carnegie mwanzoni mwa karne ya 20, na majimbo mengi hutaka jumla ya krediti 20 na kitu hivi mpaka 24. Zikitimia, shule inatoa diploma.

Sasa ona maana yake. Pale katikati, mahali ambapo kwetu amekaa msahihishaji asiyemjua mtoto, wao wamemweka mwalimu. Saini yake ndiyo mtihani wenyewe. Wewe umeiona ile fomu kama makaratasi ya ofisini yaliyokaa vibaya, na mjomba ameiona hivyo hivyo, ndiyo maana amecheka. Lakini "andika B" katika mfumo ule ni sawa na mtu kukuletea karatasi ya mtihani wa taifa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Sidhani kama mjomba wako angecheka angeletewa hiyo. Mkono wako uliokataa kwenda umeelewa mapema kuliko kichwa chako.

Kwa hiyo jibu langu la swali la kwanza ni kwamba diploma hiyo ni ya kweli kadiri rekodi zilizo chini yake zilivyo za kweli. Ithibati uliyoiona kwenye orodha ni ya shule ile ya Marekani. Haikuja kukagua madarasa yenu, wala haijui kwamba mwalimu wa kompyuta hakuwapo. Kuna mifumo mingine ya kigeni inayokwenda tofauti. Jimbo la Ontario kule Kanada, kwa mfano, lina shule nje ya nchi zinazotoa diploma yake, na wizara ya elimu ya jimbo huzikagua shule zenyewe. Wao wanataka krediti 30, kila moja saa 110. Diploma ya IB (International Baccalaureate), iliyoanzia Geneva mwaka 1968, ina mitihani inayosahihishwa nje ya shule. Sikuambii mkimbilie huko, maana gharama na masharti yake ni mlima mwingine. Nakuonyesha tu kwamba "diploma ya kigeni" si kitu kimoja, na kwamba katika huo mlioletewa, mzigo wa uaminifu umeshushwa mezani kwako.

Nikimbie haraka kwenye apostile na viza, kwa sababu hapo wakala amewauzia kivuli. Apostile, iliyotokana na mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, huthibitisha saini na muhuri wa aliyetia saini hati. Kwa cheti cha shule ya binafsi ya Marekani, mara nyingi kinachothibitishwa ni saini ya mthibitishaji wa hati aliyekishuhudia. Haisemi neno lolote juu ya kilichofundishwa. Na viza ya mwanafunzi ya Marekani inaombwa kwa hati ya I-20 ya chuo kilichomkubali mtu na kilichoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Kusoma kwa mtandao ukiwa kwenu hakuvushi nusu ya mto wala robo.

Hayo maneno "inatambulika duniani kote" ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Inatambulika na nani, kwa ajili ya nini? Chuo kikuu cha Marekani kitaielewa, ni lugha yake, ingawa hata huko wataangalia alama, somo kwa somo, na pengine kipimo cha Kiingereza. Uingereza, vyuo vingi haviridhiki na diploma peke yake. Hutaka na mitihani ya AP, ile ya somo moja moja kwa kiwango cha chuo, inayotolewa na taasisi ya Marekani iitwayo College Board, inayofanywa kila Mei na kupewa alama 1 mpaka 5, au SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya Marekani. Ujerumani wanatazama masomo gani yamo ndani ya diploma, wanataka nyongeza za aina hiyo hiyo, na anayepungukiwa hupelekwa kwanza mwaka wa maandalizi. Na kuna nchi ambazo lazima upitie kwanza chombo cha ulinganifu wa vyeti, ambacho kinaweza kuuliza swali ambalo kipeperushi chenu hakikulijibu: alisoma darasani au kwa mtandao?

Na neno lenyewe, diploma. Kwa wazazi wengi diploma ni stashahada, kitu cha chuo, hatua moja kabla ya digrii. Je, una hakika wote waliokaa kwenye kikao kile walielewa kwamba hiki ni cheti cha kumaliza sekondari? Mimi nisingeapa.

Turudi kwa binti wa sayansi. Udaktari ni mfano mgumu kuliko yote, na pengine ndiyo maana swali la mama yake limekuchoma. Kule Marekani kwenyewe mtu huingia shule ya udaktari baada ya kupata shahada ya kwanza. Diploma yao ya sekondari haikutengenezwa kuchagua madaktari wa miaka kumi na minane. Nchi nyingi nyingine huwachagua moja kwa moja kutoka sekondari, tena kwa alama za fizikia, kemia na baiolojia zilizotoka kwenye mtihani wa nje. Sijui nchi ya binti huyo inafanyaje, na wewe hujaniambia kama unajua. Hilo ni swali la kupelekwa kwa chuo anachokitaka na kwa chombo cha ulinganifu cha kwao, kwa maandishi, likitaja jina la shule ile na namna ya ufundishaji. Majibu yakirudi, mama ataamua mwenyewe. Yuko kidato cha tatu, muda bado upo. Angekuwa amebakiza miezi miwili kwenye mtihani, ningekuandikia kwa sauti nyingine.

Lakini yule kijana wako wa shule nne ni habari tofauti kabisa, na nisingependa uchungu wa fomu ukufanye usimwone. Kwa mtoto kama yeye mfumo wa krediti ni rehema. Alichosoma kinabaki chake hata akihamishwa kesho. Haangushwi na asubuhi moja mbaya ya mtihani. Kama anaelekea chuo cha Marekani au nchi inayoukubali mfumo huo, pengine mjomba wako amemletea jambo jema kuliko yote aliyowahi kufanyiwa na shule zake zote nne. Kwa hiyo unaposema moyoni "mpango huu", jiulize unasema juu ya mtoto yupi. Kumi na wawili si mtu mmoja.

Umesema hakuna aliyeuliza habari za watoto. Niruhusu nikuchokoze kidogo: wewe uliwauliza? Katika barua yako yote hakuna mahali ulipokaa na binti yule, wala na kijana, ukawauliza wanakokwenda. Nimesikia mjomba, wakala, mume, mama yako na mama wa binti. Watoto hawakupata hata mstari mmoja wa kusema.

Sasa mjomba.

Umemchora, bila shaka bila kukusudia, kama mtu anayejua anachokufanyia. Mimi nina shaka na hilo. Mwenye shule ana mishahara ya kulipa, bweni la kuendesha, wazazi wanaotishia kuhamisha watoto. Amekuja mtu na suluhisho linalong'aa, ana hati za kweli mkononi. Je, mjomba anajua krediti ni saa ngapi? Amewahi kukaa akaisoma fomu yenyewe, au ameona bahasha tu? Umesema hujawahi kumwambia hapana. Basi na yeye hajawahi kuisikia kwako, na hajui inafananaje. Huenda kule kucheka kwake kulitokana na kutojua kwamba umeshaanza kuumwa.

Na ile "saini tu, mama": inawezekana ni amri. Inawezekana pia ni mtu anayekuamini kiasi kwamba hajafikiri kuna kitu cha kuogopa. Wewe ndiye uliyekuwepo, sauti yake uliisikia, mimi naisoma tu.

Kuhusu deni la kulelewa, siwezi kulifanya dogo, na ningekuwa mtu wa ajabu kujaribu. Lakini hebu litazame kwa upande wake. Alimsomesha mtoto wa dada yake mpaka chuo kikuu, kisha akampa taaluma ya shule yake aishike. Angetaka mtu wa kusaini tu, wa bei nafuu wapo. Inawezekana kwamba njia mojawapo ya kulipa ada ile ni kumkinga na karatasi zitakazokuja kumrudia. Inawezekana pia kwamba yeye haoni hivyo hata kidogo, ukaliona hilo siku utakapozungumza, na likauma. Siwezi kukuahidi mapokezi.

Ukiamua kuzungumza naye, nina mawazo mawili matatu. Usiende na "mpango huu ni mbaya", maana si kweli yote na atakushinda kwa lile la kijana. Nenda na fomu moja, ya mtoto mmoja, mkae muijaze pamoja. Michezo: saa 50. Kompyuta: hakukuwa na mwalimu. Mwache yeye mwenyewe aishike kalamu pale. Na uchague saa. Mtu aliyetoka kubishana na mkandarasi wa bweni hana masikio. Kama kuna mzee mwingine anayemsikiliza, ni wewe unayejua kama kumleta ni busara au ni kumwaibisha.

Njia nyingine ni kusaini unachokijua tu. Fizikia yangu, ndiyo. Hisabati, rekodi hii hapa. Kompyuta mwaka ule, hakuna. Shule nyingi za aina ile huwa na utaratibu wa mtoto asiye na rekodi: anapimwa kwa mtihani, au analirudia somo. Waandikie shule yenyewe uulize utaratibu wao ni upi. Usimuulize wakala, maana wakala wa namna hii kwa kawaida analipwa kwa kichwa, na kichwa kilichocheleweshwa hakimfaidii. Ila mjomba ajue kabla hujaandika, asije akasikia kwa wakala kwamba mpwa wake amempita juu. Hasara ya njia hii ni kwamba baadhi ya watoto watamaliza mwaka mmoja baadaye, wazazi watalalamika, na wakala anaweza kuuhamishia mpango shule nyingine isiyouliza maswali. Hilo ni pigo la pesa, na kwa shule ya binafsi pesa ni mishahara ya wenzako. Usilipuuze.

Kwa binti, inawezekana abaki kwenye mtihani wa taifa na achukue masomo machache ya kule pembeni. Wengine hufanya hivyo wakapata vyote viwili. Wengine huchoka, wakapata nusu ya kila kimoja. Mtoto anayeongoza darasa anaweza kuonekana hachoki, mpaka siku anayochoka.

Na kuna kuacha kazi. Nakuelewa unavyolitamani, lina usafi wake. Ila fomu hazitaondoka nawe. Atakuja mwingine, pengine asiyehesabu saa, na watoto kumi na wawili watabaki pale pale. Kwa upande wa pili, kukaa nako kuna bei. Mume wako anasema atakayejibu ni mwenye mali. Kwa madeni ya shule, sawa. Lakini fomu hii, kwa ulivyoieleza, imeandika mthibitishaji, na chuo kikitilia shaka rekodi miaka mitano ijayo, jina watakalolitafuta ni lililo chini ya ukurasa. Muulize mume wako kama hilo alilijua aliposema vile. Pengine atabadilisha kauli, pengine ana hofu yake ya mshahara ambayo hajaitaja.

Kipeperushi nakiona chepesi kuliko vyote hivi. Kufuta maneno "duniani kote" na kuweka "diploma ya sekondari ya Marekani; mzazi aulize kwanza chuo anachokilenga" hakumgombanishi mtu na mjomba wake. Au pengine kutamgombanisha, sijui. Watu hupenda vipeperushi vyao.

Sikwambii usaini wala usisaini. Ningekuwa nakudanganya kama ningejifanya najua nyumba yenu inavyobeba neno hapana. Ila lipo jambo moja ambalo halingoji mjomba akubali, wala fomu, wala mwisho wa mwezi. Mama yule aliiacha nusu ya kwanza ya jibu lako mezani. Unaweza kumpigia ukamwambia, "Nilikwambia inategemea, sikukueleza inategemea nini." Huhitaji kumtaja mjomba, wala kumwambia amtoe mtoto. Anaweza kukasirika. Anaweza kudai pesa yake, na hapo mjomba atajua. Pima hilo pia.

Ukipata nafasi ya kukaa na yule kijana wa shule nne, niandikie alisema anataka kwenda wapi.